Moshi Huu Si wa Ubani

Sisi watu wa Pwani tumeuzoea moshi. Wa ubani twajifukiza, wa udi twautia nguoni, na wa mishikaki twaufuata kwa pua mpaka ulipo. Walakini, msomaji mpenzi, moshi wote si mmoja, na huu nitakaoueleza leo ulinitoa machozi.

Hivi majuzi, baada ya sala ya alasiri, nilipita Mji wa Kale, Mombasa, kumjulia hali mpwa wangu. Kijana huyu hachongi kwa patasi kama babu zake. Ana mashine ya leza, ambayo mwali wake usioonekana kwa macho hukata na kuchora. Hutengeneza mapambo ya Idi, vibao vya maduka na maandishi ya Kiarabu ya kutundika ukutani, na kazi yake yapendeza.

"Shikamoo, mjomba," akaniamkia huku akikohoa. Sijamaliza kuitikia, macho yakaniwasha na koo likanikereketa kana kwamba nimevuta asidi ya kusafishia vyoo. Nikamuuliza anakata nini. Akanionyesha ngozi ya bandia, ya majalada ya juzuu aliyoagizwa na mteja.

"Ni harufu ya plastiki tu, mjomba. Nishaizoea."

Huko kuizoea ndiko kulikonitia hofu. Nikampigia simu sahibu yangu, mwalimu wa kemia, naye akanambia jambo moja tu kwanza: "Mwambie azime mashine, mtoke nje."

Kisha akanifafanulia. Leza hii ya hewa ya kaboni ilibuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mzaliwa wa Bara Hindi, katika maabara ya Bell huko Marekani. Haikati kama msumeno; huunguza na kugeuza kitu kuwa mvuke. Kwa hivyo kilichomo ndani ya plastiki ndicho utakachokivuta puani. Ngozi nyingi za bandia zimetengenezwa kwa PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji. PVC tupu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, nayo ikikutana na unyevu huwa asidi kali. Na unyevu uko wapi? Machoni, kooni na mapafuni. Hata mashine yenyewe haisalimiki, kwani vyuma vyake huliwa na kutu. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii gesi hiyo.

Plastiki nyingine nazo zina visa vyao. Akriliki hukatika vizuri, lakini hushika moto upesi, na moshi wake wataka feni ya kuuvuta. Polikaboneti, ambayo kwa macho ni pacha wa akriliki, huungua na kugeuka rangi. ABS huyeyuka, na moshi wake waweza kuwa na sianidi.

Basi fundi atazitambuaje? Mwalimu alitufunza jaribio la mkemia Beilstein, lijulikanalo tangu 1872. Fanya nje, penye upepo. Pasha waya wa shaba motoni mpaka uwe mwekundu, uguse kipande kidogo cha plastiki, kisha uurudishe motoni. Ulimi wa moto ukigeuka kijani, shuku klorini, wala usikitie kitu hicho mashinani.

Jioni ile tulilifanya jaribio hilo uani. Moto ukawaka kijani kama jani la mgomba. Mpwa wangu akanyamaza kitambo, kisha akainua macho kutazama bomba lake la moshi. Lilikuwa limetokeza kichochoroni, chini ya dirisha la jirani mwenye mtoto wa pumu.

Kesho yake alimwendea mteja, akamweleza kuwa majalada yale atayakata kwa kisu na mkasi, na yatachelewa. Mteja akataka arubuni yake, akarudishiwa. Bomba nalo limepandishwa hadi juu ya dari, na mtungi wa kuzimia moto umewekwa karibu na mkono, kwani mashine hii haiachwi peke yake ikikata.

Enyi vijana mafundi, ulizeni kitu kimetengenezwa kwa nini kabla ya kukikata. Asiyejua muuzaji, mwulizeni waya wa shaba. Arubuni hurudishwa na nyingine ikaja. Pafu likishaungua, halina duka.