Mama, tazama chini ya mtumbwi

Wengi wetu tunavuka ziwa Kivu na ndizi za Idjwi, maharagi, sambaza, na mara nyingi mtoto mgongoni. Tunauliza bei, tunatazama mota. Chini ya mtumbwi hatutazami, na ni huko maji yanaingilia.

Kama kundi lenu lina mtumbwi wa mbao, siku ya kuupaka gudroni mwende mkasimame pale. Mtazame haya:

1. Uvutwe inchi kavu, ugeuzwe, usuguliwe mpaka majani ya maji na gudroni ya zamani vitoke.
2. Ubao uliooza ubadilishwe. Gudroni haiuponyeshi, inauficha tu.
3. Mbao zikauke siku kadhaa. Ukipaka juu ya unyevu, maji yanabaki ndani na gudroni inabanduka.
4. Nyufa zijazwe pamba, ishindiliwe sana.
5. Gudroni ipakwe nyembamba, ikauke, halafu mara ya pili. Ikipakwa nene mara moja, haikauki vizuri.

Gudroni ya moto inaunguza, na moshi wake ni mbaya. Watoto na wenye mimba wakae mbali. Mafuta ya mota yasikaribie moto.

Fundi atawaambia: soko ni kesho, mbao zimekauka. Mama, weka mkono wako juu yake. Kama bado ni mbichi, mngojee. Soko litakuwako tena juma lijalo.

Na hata mtumbwi ukipakwa vizuri, vaeni jile, mvalishe na watoto.