Uzito na Mnato: Istilahi za Oili ya Injini

Katika karakana za Moshi, mwenye gari kuukuu huambiwa na fundi: "Tia oili nzito." Usemi huo ni Kiswahili fasaha, maana hata uji ukikolea twauita mzito. Lakini mtafsiri wa kitabu cha mwongozo wa gari akiandika "uzito" atampoteza msomaji, kwa kuwa katika fizikia uzito ni jambo jingine. Oili huelea juu ya maji, ila hutiririka polepole kuliko maji. Zebaki ina uzito unaozidi mara 13 ule wa maji ya ujazo huo huo, nayo hutiririka kwa wepesi. Sifa ya kimiminika kukinza mtiririko huitwa mnato, kutokana na kitenzi nata.

Kosa hilo huzaa jingine. Wasomapo 20W-50 juu ya kopo, wengi hudhani kuwa W ni kifupisho cha neno la Kiingereza la uzito. Sivyo, ni kifupisho cha neno la majira ya baridi. Namba inayoitangulia ni daraja la mnato wakati wa baridi. Ya pili ni daraja la mnato oili ikiwa na nyuzijoto 100 za Selsiasi.

Mkazi wa Marangu asiyeelezwa hayo aweza kudhani kuwa baridi ya alfajiri yamlazimu kununua 5W. Kumbe oili ya 20W hujaribiwa kwa uwashaji wa injini kwenye nyuzijoto 15 chini ya sifuri, baridi isiyofika vijijini humo. Namba ya kumshughulisha ni ya pili. Gari lipandapo kutoka Moshi, mita zipatazo 800 juu ya usawa wa bahari, hadi lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800, injini hufanya kazi ngumu na oili yenye moto hupungua mnato. Katika injini iliyolika, utando wa oili hukatika upesi. Hapo 50 yaweza kufaa kuliko 30, mradi mwongozo wa gari unairuhusu. Mnato ukizidi kiasi, oili huchelewa kufika penye msuguano injini iwashwapo.

Kwa hiyo twapendekeza maandishi rasmi yatumie mnato, daraja la mnato, oili ya daraja moja (kama 40) na oili ya madaraja mengi (kama 20W-50). "Oili nzito" ibaki katika mazungumzo ya karakana. Mwalimu aifafanue, asiikemee.