Posti ya Mwaka Jana Bado Ina Kazi

Mfanyabiashara mdogo anayeuza kupitia simu anaishi na swali lisilomwacha: leo nitaposti nini? Muuza vifaranga, fundi wa sola, mshonaji, mwenye kituo cha twisheni, wote wameaminishwa kwamba ukinyamaza siku mbili mitandaoni umesahaulika. Basi kila siku wanatunga kitu kipya, mara nyingi usiku baada ya kufunga duka. Stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24. Video ya Instagram inafunikwa na nyingine zilizokuja baadaye. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu, ambao huenda ndio maelezo bora kabisa aliyowahi kuyatoa kuhusu bidhaa yake, unabaki kwenye simu ya mteja mmoja aliyeuliza. Ninavyoona mimi, wengi wa wafanyabiashara hawa hawana upungufu wa maudhui. Wanayo ya kutosha tayari. Wanachokosa ni utaratibu wa kulirudia lile lililokwisha kufanya kazi, kulipa umbo jingine, na kulitumia kumfuata kwa adabu mtu aliyeonyesha nia mpaka aamue kununua.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Marekani. HubSpot, kampuni ya programu za masoko yenye makao yake Cambridge, Massachusetts, ilikuwa imechapisha maelfu ya makala mtandaoni kwa ajili ya kuvuta wateja. Mwaka 2015 iliweka hesabu zake hadharani. Asilimia 76 ya usomaji wa mwezi ilikwenda kwa makala za zamani, yaani zilizotoka kabla ya mwezi huo. Kwa upande wa wateja watarajiwa, watu waliojaza fomu na kuacha majina na anwani zao, asilimia 92 waliletwa na makala hizo hizo za zamani. Tena asilimia 46 ya wateja watarajiwa wote walitokana na makala 30 tu. Kampuni ikabadili mwendo. Ikatenga muda wa kuzifufua makala za zamani: kusahihisha yaliyopitwa na wakati, kuongeza maelezo pale yalipopungua, kisha kuzitoa upya. Usomaji wa makala zilizofanyiwa kazi hiyo, ule unaotokana na watu kutafuta majibu kwenye Google na mitambo mingine ya utafutaji, ulipanda kwa wastani wa asilimia 106, na wateja watarajiwa waliotokana nazo wakazidi mara mbili.

Takwimu hizi zinataka kusomwa kwa uangalifu. HubSpot inauza huduma za masoko, kwa hiyo ina maslahi katika habari njema za masoko. Halafu makala za miaka mingi ni nyingi kuliko za mwezi mmoja, basi si ajabu zikavuna wasomaji wengi zaidi. Isitoshe, wasomaji wake wanafika kwa kutafuta kwenye mtandao, ilhali mteja wa Mbagala au Kisumu huenda akafika kwa sababu shemeji yake amemtumia klipu. Yote hayo nayakubali. Kinachonishawishi ni zile makala 30. Katika maelfu ya makala, karibu nusu ya mavuno ilitoka kwenye chache zinazoweza kuorodheshwa kwenye ukurasa mmoja, na ilibidi kampuni izipekue kumbukumbu zake ndipo izitambue. Muuzaji anayeuza kupitia simu naye yumo katika hali hiyo. Hawezi kubashiri kesho ni maelezo gani yatakayowagusa watu, lakini akirudi nyuma atayaona: ni lile jibu analoombwa kila wiki, ile video ambayo watu wanatumiana bila yeye kuwaomba, ile picha iliyofuatiwa na simu nyingi kuliko siku za kawaida.

Karibu nasi zaidi uko mfano ambao kwangu una uzito kuliko huo wa Marekani. Mwaka 2012 kampuni ya Mediae ya Nairobi ilianza kurusha kipindi cha runinga cha Shamba Shape Up kupitia Citizen TV. Watangazaji na wataalamu wanafika kwenye shamba la mkulima halisi, wanaangalia mifugo na mazao yake, wanatengeneza kilichoharibika na kueleza sababu. Kurekodi namna hiyo ni gharama kubwa, na kipindi kikishapita hewani mtazamaji aliyekuwa sokoni amekikosa. Lakini maarifa yale hayakuachwa yaishie hewani. Mtazamaji aliweza kutuma ujumbe mfupi na kuomba kipeperushi cha jambo aliloliona. Vipindi vikawekwa YouTube. Mwaka 2015 ikaanzishwa iShamba, huduma inayompa mkulima ushauri kwa ujumbe wa simu kulingana na anachokilima na mahali alipo, ikiwa na kituo cha simu ambako anaweza kumuuliza mtaalamu. Tazama jinsi ushauri ule ule wa mahindi unavyosafiri: kwenye runinga unamvuta mtu asiyekujua, kwenye kipeperushi unakaa naye nyumbani, kwenye simu unamkuta wakati wa kupanda. Na mkulima aliyetuma ujumbe wa kuomba kipeperushi amefanya mambo mawili kwa mpigo: amesema anahitaji nini, na ametoa namba yake kwa hiari. Hakuna tangazo la barabarani linaloweza kumpa mfanyabiashara habari hizo mbili.

Je, hayo yanamfaa mtu asiye na kamera wala studio? Tumchukue muuza vifaranga. Swali analoulizwa kuliko yote ni la chanjo, na jibu lake amekwisha kulitoa kwa sauti mara nyingi: siku ya 7 chanjo ya kideri, siku ya 14 Gumboro, kisha kideri inarudiwa wiki inayofuata, kwa ratiba iliyothibitishwa na mtaalamu wa mifugo wa eneo husika. Anaeleza kwamba vifaranga wanyimwe maji saa moja au mbili ili chanjo ikiwekwa wainywe upesi, na kwamba maji yasiwe na klorini, kwa sababu klorini inaua virusi hai vilivyomo kwenye chanjo na mfugaji anabaki akidhani amechanja. Ujumbe huo mmoja wa sauti ni mali. Ukiandikwa vizuri unakuwa maelezo ya Facebook. Ukipangwa kwa tarehe unakuwa ratiba ya kuchapishwa na kubandikwa kwenye mlango wa banda. Sehemu ya kuchanganya chanjo inakuwa video ya dakika moja, mikono na ndoo tu vikionekana. Sehemu ya klorini inakuwa swali la kuzusha mjadala kwenye kundi la wafugaji. Na kila umbo linaishia na mwaliko ule ule: andika neno RATIBA kwa namba hii utumiwe kalenda ya chanjo bure. Anayeandika ni mteja mtarajiwa, mtu aliye karibu zaidi na kununua kuliko mamia waliobonyeza alama ya kupenda wakapita.

Hapo wengi ndipo wanapoharibu. Namba ikishapatikana, wanaimiminia orodha ya bei kila asubuhi mpaka mwenyewe anawazuia. Kumlea mteja mtarajiwa ni kumpa, kwa mpangilio, yale anayohitaji kuyajua kabla ya kutoa fedha, na hayo nayo yamo kwenye kumbukumbu za muuzaji. Aliyeomba ratiba kabla ya kuwa na kuku atumiwe kwanza ile video ya zamani ya kuandaa banda na kutandika randa za mbao. Siku chache baadaye apate maelezo ya joto: vifaranga wakijirundika chini ya taa wanasikia baridi, wakiikimbia na kuhema, joto limezidi. Baadaye hesabu ya chakula mpaka siku ya kuuza, ikiwa imesahihishwa kwa bei za sasa. Akifika kwenye kuagiza, anaagiza kwa mtu ambaye amekuwa akimfundisha kwa wiki tatu. Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo wauzaji wengi hawalizingatii: orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe wake unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Mtu hahifadhi namba ya anayempigia kelele. Anaihifadhi namba ya aliyemtumia ratiba ambayo ataihitaji tena siku ya 14.

Pingamizi la kwanza ni kwamba wateja watachoka kuona jambo lile lile. Hofu hii inaeleweka, lakini inatoka kwa muuzaji mwenyewe, ambaye ndiye pekee aliyeona kila posti yake. Mteja ameona chache, na alizoziona amezisahau nyingi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1885 alionyesha kwamba baada ya saa moja hivi zaidi ya nusu ya faida ya kujifunza ilikuwa imekwisha kupotea. Alionyesha pia kwamba marudio yaliyoachiana nafasi yanashinda marudio yaliyorundikwa pamoja. Ni kweli kwamba chanjo ya kuku ina maana kwa mfugaji kuliko silabi zile, kwa hiyo hawezi kuisahau kwa kasi ile. Hata hivyo, anayedhani kwamba mfugaji aliyesikia habari za klorini mwezi Machi atazikumbuka mwezi Agosti, akiwa na ndoo mkononi, anamdai mno.

Wengine wanasema Google inaadhibu maudhui yanayorudiwa. Google yenyewe imeeleza mara kadhaa kwamba hakuna adhabu ya kawaida kwa kuwa tu maneno yale yale yanaonekana mahali pawili. Mtambo wake huchagua nakala moja ya kuonyesha. Inachokipiga vita ni kitu kingine. Mwaka 2011 ilibadilisha mtambo wake ili kuzishusha tovuti zilizojaa makala hafifu, na Machi 2024 ikaweka kanuni dhidi ya maudhui yanayozalishwa kwa wingi ili kuudanganya utafutaji, yawe yameandikwa na watu au na mashine. Hapa napaswa kuwa mkali, maana wapo wanaoifanya hoja hii kisingizio: wanachukua makala moja, wanaipitisha kwenye programu ya akili mnemba, wanatoa makala ishirini zinazosema jambo moja kwa maneno tofauti. Hilo ni kumpotezea msomaji muda. Umbo jipya lina haki ya kuwepo pale tu linapomhudumia mtu ambaye umbo la kwanza halikumfikia, au linapomkuta katika wakati tofauti. Ratiba ya mlangoni inamsaidia mfugaji ambaye simu yake imezima chaji. Makala ya ishirini haimsaidii yeyote.

Pingamizi zito zaidi ni la faragha. Watu wamechoshwa na ujumbe wa biashara wasizozijua, na namba za simu zinauzwa kama bidhaa nyingine. Sheria zimeanza kujibu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayozuia kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hizi haziidhoofishi njia ninayoitetea. Zinaipa nguvu kuliko ile ya kununua orodha ya namba, kwa sababu aliyeandika RATIBA aliomba mwenyewe. Lakini aliomba ratiba. Hakuomba matangazo ya viwanja, wala namba yake kupewa rafiki wa muuzaji anayeuza simu. Aambiwe mapema atatumiwa nini na kwa muda gani, na akiandika ACHA aachwe siku hiyo hiyo.

Linabaki tatizo la maudhui kuzeeka, ambalo kwa maoni yangu ndilo hatari halisi. Bei ya chakula cha kuku ya mwaka jana ikirudishwa bila kusahihishwa inamfanya mfugaji apange hesabu ya hasara. Maelekezo ya chanjo ya kampuni moja yakitumika kwa chanjo ya kampuni nyingine yanaweza kuua banda zima. Kwa hiyo anayerudia anahitaji kazi ya uhariri ambayo anayetunga kipya kila siku hana nafasi nayo: kuisoma posti tena kama mtu asiyeijua, kumpigia mtaalamu wa mifugo, kuandika tarehe ya marekebisho, na kuitupa moja kwa moja isiyofaa hata kama ilipendwa kuliko zote.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na maudhui ni mali ya aina hiyo. Daftari la kawaida la kaunta linatosha: nani aliuliza, alitokea kwenye posti ipi, alitumiwa nini, alinunua lini. Baada ya miezi mitatu kurasa hizo zitasema mambo ambayo idadi ya waliopenda haiwezi kuyasema. Huenda ikaonekana kwamba ile video ya ndoo na mikono, iliyotazamwa na watu wachache na kurekodiwa huku kuku wakipiga kelele, ndiyo iliyowaleta wengi wa walionunua, na kwamba inastahili kurekodiwa tena asubuhi yenye utulivu, mahali penye mwanga, ikiwa na jina la chanjo inayotumika sasa.