Bampa Likibonyea Nyasho: Kabla Hujasema Yaishe

Jioni, barabara za kuzunguka soko la Nyasho, mjini Musoma, hubanana. Bajaji hukata kona ghafla zikimwona abiria, bodaboda hupenya katikati ya magari, na wachuuzi huvuka na mizigo kichwani. Breki zikichelewa kidogo, taa ya nyuma imepasuka na bampa limebonyea. Watu hukusanyika, kila mmoja akimtaja mwenye kosa. Mara nyingi shauri huishia hapohapo kwa noti chache na neno moja: yaishe.

Ajali kubwa hazipiti hivyo. Septemba 5, 2014, mabasi mawili yalipogongana eneo la Sabasaba, wilayani Butiama, na kuua zaidi ya watu 30, nchi nzima ilijua. Ajali ndogo haina mwandishi wala kamera, kwa hiyo ushahidi wake hukusanywa na waliohusika wenyewe. Wasipofanya hivyo, kesho yake hubaki maneno ya huyu dhidi ya yule.

Jambo la kwanza ni kusimama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na kutoa jina, anwani na maelezo ya gari lake kwa mwenye haki ya kuyajua. Anayehofia kupigwa na watu wenye hasira aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu na kujieleza. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Kisha watu, ndipo magari. Mwendesha bodaboda aliyeangushwa huinuka, akajipangusa vumbi na kusema hajaumia. Saa chache baadaye kichwa kinamuuma, anatapika au analala usingizi mzito usio wa kawaida. Hizo ni dalili za kumkimbiza hospitali bila kungoja asubuhi. Anayelalamika shingo au mgongo asiinuliwe kwa pupa, isipokuwa mahali alipo pana hatari, kama moto. Polisi hutoa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, lakini aliye katika hali mbaya apelekwe kwanza kwa daktari na fomu ifuatiliwe na mtu mwingine.

Kwenye barabara kuu, kati ya Makutano na Bunda, hatari huongezeka, kwa kuwa mabasi na malori ya kutoka Sirari hupita kwa kasi. Injini izimwe, hazadi ziwashwe, pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbali nyuma ya gari, na abiria wakae nje ya lami. Madereva wengi huweka matawi badala ya pembetatu. Yaondolewe kazi ikiisha, yasije yakamponza mwingine usiku. Petroli ikivuja, watu wasogezwe mbali na asiwepo wa kuwasha sigara. Agosti 10, 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la mafuta lililopinduka kulipuka huku wengine wakichota petroli.

Kabla magari hayajaondolewa, simu ifanye kazi yake. Ipigwe picha ya eneo zima kutoka mbali, halafu za karibu: namba za magari, sehemu zilizogongwa, alama za breki na hati za bima. Yaandikwe majina na namba za simu za madereva na za mashahidi wawili wasio ndugu wa upande wowote. Uhalali wa bima huweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Kumalizana kienyeji kuna mtego wake. Elfu thelathini za taa huonekana zinatosha, hadi fundi wa bodi afungue bampa na kukuta rejeta imepasuka. Dereva anayekiri kosa au kuahidi malipo kabla ya kuzungumza na kampuni yake ya bima anaweza kuhatarisha dai lake, kwa kuwa mikataba mingi inakataza hilo. Bima ndogo hugharamia madhara aliyopata mtu mwingine. Mwenye bima kubwa ndiye anayeweza kudai na matengenezo ya gari lake mwenyewe. Madereva wakikubaliana bila bima, basi waandikishane kiasi, tarehe na saini mbele ya mashahidi.

Dai la bima huhitaji taarifa ya polisi, mchoro wa eneo na ripoti ya ukaguzi wa gari, hivyo trafiki aitwe mapema na namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikishwa polisi, ihifadhiwe. Kampuni ijulishwe upesi, na gari lisipelekwe kunyooshwa kabla mkadiriaji hajaliona. Ikikataa kulipa bila sababu ya kueleweka, mteja anaweza kupeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, akiwa na picha, namba ya RB na barua zote alizoandikiana na kampuni hiyo.