Medellín: Soka bila refa, bao la kwanza la msichana

JUNI 22, 1994, dakika ya 35 kwenye Uwanja wa Rose Bowl, Marekani, beki wa Colombia, Andrés Escobar, aliteleza kuzuia krosi ya John Harkes. Mpira ukamgonga mguuni, ukamwacha kipa Óscar Córdoba akiduwaa, ukajaa wavuni. Colombia ikalala 2-1 na baadaye ikaaga Kombe la Dunia hatua ya makundi.

Siku 10 baadaye, Escobar alipigwa risasi nje ya klabu ya usiku mjini kwao, Medellín. Alikuwa na miaka 27.

Habari hiyo kila shabiki anaijua. Ambacho wengi hawajakisikia ni kwamba kifo hicho ndicho kilichozaa soka la aina yake, ambalo leo linachezwa kwenye mitaa ya nchi kibao.

Miaka hiyo Colombia ilikuwa inaungua. Tangu 1964 Serikali ilikuwa ikipambana na waasi wa FARC, huku wanamgambo na wauza unga nao wakimwaga damu. Mwaka 1991 pekee, watu zaidi ya 6,000 waliuawa Medellín. Kijana wa mtaa huu kukanyaga mtaa wa pili ilikuwa ni kucheza na roho yake.

Mjerumani Jürgen Griesbeck, aliyekuwa akisoma mjini humo, aliona jambo moja: magenge hayo hayapatani kwa lolote, lakini yote yanapenda mpira. Mwaka 1996 yeye na wenzake wakaanzisha Fútbol por la Paz, yaani Soka kwa Ajili ya Amani.

HAKUNA KIPYENGA

Masharti yake yaliwashangaza wababe wa mtaani. Kwanza, kila timu lazima iwe na wasichana. Pili, bao la kwanza la timu lazima lifungwe na msichana, la sivyo mabao ya wavulana hayahesabiki.

Hapo ndipo ubabe ulipokwama. Straika mwenye chenga zake alilazimika kutafuta pasi ya kumpa dada aliyekuwa akimdharau, tena kiroho safi, maana bila yeye hakuna ushindi.

Tatu, hakuna refa. Timu zinakaa kabla ya mechi na kukubaliana sheria. Ikitokea rafu, wachezaji wanamalizana wenyewe. Pembeni yupo msuluhishi tu, ambaye hapulizi kipyenga. Mechi ikiisha wanakaa tena kujadili nani ameheshimu makubaliano, na hilo nalo lina pointi zake. Unaweza kushinda kwa mabao ukapoteza mechi kwa sababu ya mdomo wako.

Wengi wanadhani kilichosaidia ni mpira wenyewe. Hapana. Mpira huohuo ndio ulioleta hasira za kumlaani Escobar. Kilichosaidia ni yale mazungumzo. Refa anatoa kadi, mechi ikiisha anaondoka zake. Vijana wa mitaa miwili wanabaki, na ugomvi wao wanabaki nao.

Mfumo huo ukavuka mipaka hadi Ujerumani, na mwaka 2002 Griesbeck akaanzisha mtandao wa streetfootballworld jijini Berlin. Kombe la Dunia 2006 lilipochezwa huko, timu za mtaani nazo zilikuwa na tamasha lao Berlin, na vijana wa MYSA kutoka Mathare, Nairobi, walikuwemo.

Colombia yenyewe haikutulia kwa sababu ya soka. Serikali na FARC walisaini mkataba wa amani mwaka 2016, na bado yapo makundi yenye silaha. Tume ya Ukweli ilieleza mwaka 2022 kuwa watu zaidi ya 450,000 waliuawa kati ya 1985 na 2018.

Lakini mkataba husainiwa na wakubwa. Kuuishi ni kazi ya majirani, na wale vijana wa Medellín walianza mazoezi miaka 20 kabla.