Kiu ya Mche na Kuzama Kwake

Katika nyumba nyingi za Kilwa Kivinje, Lindi na vijiji vya kandokando huonekana barazani vyungu na makopo yenye mrehani au asumini. Na mahali pengine walimu na wanafunzi hutunza miche ya mikorosho katika viriba, yaani mifuko ya plastiki yenye matundu. Mimea hii yote ina hali moja: imefungwa mahali padogo. Mti wa shambani ukishikwa na kiu hupeleka mizizi yake chini kutafuta maji, bali mche wa chunguni hauna pa kwenda. Uhai wake umo mkononi mwake amtiliaye maji. Kwa hiyo twataka kusema machache juu ya kazi hii, ambayo watu wengi huidhania kuwa nyepesi.

Kwanza yafaa kujua ya kuwa mizizi hutaka vitu viwili: maji na hewa. Katikati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo ndogo. Maji yakishuka, hewa huingia nyuma yake. Lakini udongo ukijaa maji siku zote, hewa haipati mahali, na mizizi huoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji, ijapokuwa imezungukwa nayo, na majani hulegea. Hapo ndipo watu wakosapo. Mche wenye kiu hulegea majani, na mche uliozama hulegea vile vile. Mwenyewe huuona, huuhurumia, huuongeza kata mbili za maji, kumbe aumaliza. Wazee walisema, mchelea mwana hulia mwenyewe. Na mchelea mche ni hali kadhalika.

Basi tutapambanuaje? Usiulize majani peke yake, uulize udongo. Ingiza kidole hata kiungo cha pili. Ukiona ubaridi, na udongo ukakushika kidoleni, ngoja. Ukiona ni mkavu, tia maji. Tena kiriba au chungu kidogo chaweza kupimwa kwa mkono: kiinue baada ya kutia maji ujue uzito wake, siku utakapokiona chepesi, kimekauka.

Wala hatuwezi kuwaandikia kwamba kila siku ya pili mtie maji. Tangu Juni hata Oktoba mvua ni haba pwani yetu, na upepo wa kusi hukausha. Chungu cha udongo hupitisha unyevu ubavuni mwake, nacho hukauka upesi. Kopo na ndoo ya plastiki hukaa na maji siku nyingi zaidi. Wakati wa mvua, ambazo aghalabu huanza Novemba au Desemba zikaendelea hata Aprili au Mei, huenda kazi yako isiwe kutia maji kabisa, ila kuangalia matundu ya chini yasizibe.

Na utiapo, tia asubuhi, polepole, hata maji yatoke tunduni. Kisha mwaga yaliyobaki katika sahani ya chini. Kunyunyiza kidogo kidogo hulowesha uso wa udongo tu, na mizizi ya chini hubaki na kiu. Kama udongo umekauka hata ukaachana na ukingo wa chungu, maji yatapita pembeni bure. Hapo weka chungu katika beseni la maji hata mapovu yakome, kisha kitoe kichuruzike.

Jambo lingine lawahusu wakaao karibu na bahari. Visima vingine vina maji ya chumvi. Chumvi hiyo hujikusanya chunguni, ikaonekana kama unga mweupe juu ya udongo, na mizizi hushindwa kunyonya. Kinga maji ya mvua ukiweza, na mara kwa mara tia maji matamu mengi yapite, yaioshe chumvi itoke chini.

Kwa miche ya mikorosho jambo hili ni kubwa zaidi. Huoteshwa viribani kabla ya mvua, hubebeshwa kikonyo cha mti bora, kisha hupelekwa shambani mvua zinapoanza. Mkorosho hauvumilii udongo uliotuama maji. Mche ukioza Novemba, hapana tena nafasi ya kuotesha mwingine na kuubebesha, na mwenye shamba hungoja mwaka mzima. Wenye maswali juu ya mkorosho na wawaendee wataalamu wa kilimo. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kinajulikana sana kwa kazi hiyo.

Walimu, twawashauri mmpe kila mtoto chungu kimoja au kiriba kimoja, wala msimpe zamu ya kumwaga maji tu. Mfundisheni kugusa udongo kwanza, na kueleza alilolikuta, ndipo achukue kata.