Fahamu: Harufu ya mkojo kwenye kizimba cha simbilisi

Mkojo wa simbilisi ukiwa mbichi haunuki sana. Harufu inayochoma pua huja baadaye, bakteria wanapoivunja urea na kutoa amonia, gesi inayowasha njia ya hewa ya mnyama ambaye tayari ni mwepesi wa kupata nimonia.

Wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani hutandika flisi, kitambaa cha poliesta kinachoshonewa majaketi na blanketi. Flisi yenyewe hainyonyi maji. Huyapitisha tu hadi kwenye taulo au pedi iliyo chini, na hapo ndipo uvundo hujificha. Flisi ikiwa mpya hufuliwa mara kadhaa kwanza, la sivyo mkojo hutuama juu. Dawa ya kulainisha nguo haifai kabisa, kwa kuwa huziba nyuzi.

Kinyesi hufagiliwa kila siku. Matandiko hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 7, kutegemea idadi ya wanyama. Pembe wanakolia nyasi na kujificha huloa mapema, hivyo pedi ya ziada hapo hupunguza kufua. Ukoko mweupe sakafuni ni chumvi za kalsiamu, na siki huuyeyusha. Klorini isimwagwe juu ya mkojo: ikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu. Manukato nayo ni kujidanganya, maana simbilisi huendelea kuvuta amonia ile ile.